Pini Kumi na Saba

Shemeji hakuwa na kichwa, na kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua mtu yeyote nyumbani mle.

Alikuwa sanamu la kupimia nguo: kiwiliwili cha kitambaa kigumu kilichosimama juu ya mguu mmoja wa chuma, kwenye chumba cha mbele, kati ya cherehani na meza ya kupigia pasi. Fundi alimnunua kabla hajaolewa, akawa anamwita mdogo wake. Ndiyo maana mumewe, siku ya kwanza alipoingia chumbani humo kufanya kazi, alimwinamia sanamu akasema, "Shemeji, hujambo?" Jina likaganda. Mume mwenyewe wateja walimwita Pasi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta bila pasi mkononi. Alipenda kusema kwamba kati ya mashemeji wote aliojaliwa, huyu ndiye pekee asiye na mdomo.

Kisha baridi yabisi ikamwanza Fundi kwenye vidole. Ikapanda kwenye vifundo vya mikono, ikateremka magotini. Mwaka wa kwanza Pasi alimuuliza kila asubuhi: umeamkaje, panauma wapi, panauma sana? Siku moja Fundi akaweka mkasi chini.

"Baba watoto, ukiniuliza naumwa mara mbili. Mara ya kwanza kwenye kiungo, mara ya pili kwenye kukusimulia."

"Sasa nitajuaje?"

"Muulize shemeji yako." Akachukua pini yenye kichwa chekundu, akaichoma kwenye goti la sanamu. Lakini Shemeji hakuwa na goti, kiwiliwili chake kiliishia mapajani, kwa hiyo wakakubaliana kwamba pindo la chini ndilo goti. Wiki iliyofuata Pasi akamshonea mikono ya kitambaa, akaijaza vipande vya nguo, na vidole vitano kila upande, vimepinda kama tangawizi.

Tangu hapo hakukuwa na maswali. Fundi aliamka wa kwanza, akamchoma Shemeji pini nyekundu kila mahali palipomuuma yeye, kisha akaketi na beseni la maji ya vuguvugu, mikono ndani, mpaka vidole vikubali kukunjika. Pasi aliingia, akamsoma Shemeji kimya kimya, akaipanga siku. Pini ikiwa kwenye kidole gumba, alitunga uzi kwenye sindano ishirini akazipanga tayari. Ikiwa kwenye goti la kulia, alisogeza kanyagio la cherehani upande wa kushoto. Hakusema pole. Kazi yake ndiyo ilikuwa pole yake, na Fundi alilijua hilo.

Pini nyekundu zilikuwa za Fundi. Nyeupe zilikuwa za nguo, nazo zilikuwa na sheria yake. Kila nguo iliyosubiri kujaribiwa ilibandikwa kikaratasi shingoni, kimeandikwa idadi ya pini zilizomo. Aliyezitoa alihesabu. Pini iliyosahaulika kwenye nguo ya mteja, Fundi alisema, ni aibu isiyofulika. Mara chache hesabu ilipungua, na hapo walitafuta mpaka sakafuni. Kuzidi hakukuwahi kutokea.

Miezi miwili kabla ya siku ninayoisimulia, daktari wa viungo, dada mmoja mpole mwenye sauti ndogo, aliwakalisha wote wawili.

"Mama, ugonjwa huu si wa mifupa peke yake," alisema. "Kinga ya mwili wako imekosea adui, inakushambulia mwenyewe. Huo moto unaouona kwenye vidole unapita pia ndani ya mishipa ya damu, polepole, bila kelele. Wenye baridi yabisi ya aina hii hupata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya wenzao wa umri huohuo. Nataka moyo wako upimwe. Na presha, na mafuta kwenye damu."

"Moyo wangu mzima, mwanangu," Fundi alisema. "Muulize huyu, amekaa humo miaka thelathini na hajawahi kulalamika."

"Paa halivuji," Pasi akaunga mkono.

Wakacheka wote, hata daktari, lakini akaandika karatasi na kumkabidhi Pasi. "Baba, hii nakupa wewe." Walipofika nyumbani Pasi aliiweka kwenye sanduku la ramani za nguo, zile karatasi za kukatia vitambaa, chini ya ramani za mikono, mahali pasipopotea kitu. Haikupotea kweli. Ila msimu wa sare za shule ulifika, na sanduku la ramani halikufunguliwa, kwa maana sare Fundi alizikata kwa kichwa.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mwalimu, jirani yao wa mtaa wa pili, alikuwa anastaafu Ijumaa, na gauni lake la kuagia lilikuwa limevalishwa Shemeji tangu jana yake alasiri, mkono mmoja umeshikizwa, mwingine bado. Pini nyeupe zilikuwa zimebaki chache, kwa hiyo Fundi alimalizia na nyekundu. "Hizo ni za gauni," alimwambia mumewe jana hiyo, "usije ukaanza kunililia."

Kwa hiyo asubuhi Pasi alipoingia na kuona wekundu kifuani mwa gauni, hakushtuka. Alitazama vidole vya kitambaa tu. Pini mbili, kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia.

Fundi alikuwa ameketi na beseni lake. Uso ulikuwa na majimaji. Mvuke, Pasi aliwaza.

"Umemsoma shemeji yako?" Fundi aliuliza.

"Nimemsoma. Mambo shwari leo."

Fundi alimtazama kwa muda. "Shwari?"

"Shwari kabisa. Tumepata siku nzuri." Akawasha pasi.

Mkewe alirudisha macho kwenye maji. Baadaye alinyanyuka, akajifuta, akasema anakwenda kujinyoosha kidogo chumba cha ndani mpaka Mwalimu aje. Hilo lilikuwa geni kidogo, lakini Pasi alikuwa na kola sita za kunyoosha.

Mwalimu alifika saa nne, akiwa na pochi kubwa na maneno mengi. "Pasi, bado hujaungua tu?"

"Naungua kila siku, Mwalimu, huoni nilivyoiva?"

"Fundi yuko wapi? Nataka anibane hapa kiunoni, wanafunzi wangu wajue kumbe nilikuwa na kiuno."

"Anajinyoosha. Ngoja nikuandalie."

Pasi alimvua Shemeji gauni. Alizitoa pini moja moja, kama ilivyokuwa desturi, akizichoma kwenye kijimto cha pini huku akihesabu chini kwa chini. Zilizoshikilia mkunjo wa bega alizibadilisha na uzi wa haraka wa kushikizia. Mwalimu akaingia nyuma ya pazia na gauni, na Pasi akatazama kikaratasi cha shingoni.

Kumi na nne.

Akahesabu pini. Kumi na saba.

Akahesabu tena kwa kuzigusa. Kumi na saba. Akageuza kikaratasi, labda kuna nyongeza nyuma. Hakuna. Mwandiko wa Fundi ulikuwa wazi, na Fundi katika mambo haya alikuwa hakosei hata akiwa na homa.

"Pasi," Mwalimu aliita kutoka nyuma ya pazia, "huku kola imekaa vizuri, mwambie mkeo Mungu ambariki."

Pasi alikuwa anajaribu kukumbuka alizitoa wapi. Kiunoni nne. Pindoni tano. Begani tatu. Kwenye mshono wa ubavu mbili. Hizo ni kumi na nne. Moja zaidi aliitoa kifuani, upande wa kushoto kidogo, mahali pasipo na mshono wowote. Moja mkono wa kushoto, upande wa ndani, juu ya kiwiko. Na moja, sasa aliikumbuka vizuri kwa sababu ilimshangaza hata alipokuwa akiitoa, ilikuwa imechomwa juu kabisa ya shingo ya Shemeji, pale shingo inapokatika, ambapo gauni halifiki. Ni mahali ambapo mtu angeichoma kama angetaka kuonyesha taya, na sanamu halina taya.

Kifuani hakuna kiungo cha kuvimba. Pasi alimfahamu Shemeji kuliko ramani ya mji. Miaka minane, pini haijawahi kukaa kifuani.

Alisukuma mlango wa ndani. Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, hajalala, mkono wa kulia umeshika bega la kushoto. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi.

"Mama watoto. Kifua?"

"Si ulisema shwari," alisema polepole. "Nikaona najidekeza. Nikajua ni bega tu limeamka vibaya."

Mwalimu alikuwa na gari dogo. Hakurudi nyuma ya pazia kubadili nguo. Aliendesha akiwa ndani ya gauni lenye mkono mmoja, mistari ya chaki kiunoni, nyuzi nyeupe zinaning'inia kama kamba za hema, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakusema neno. Kwenye kiti cha nyuma Pasi alikuwa amemkumbatia mkewe, na mfukoni alikuwa na karatasi ya daktari. Hakukumbuka hata lini alifungua sanduku la ramani.

Hospitalini walimchukua haraka. Walimbandika nyaya kifuani, wakampa vidonge vya kutafuna, wakamwingiza ndani. Daktari wa zamu, kijana mwenye macho yaliyochoka, aliuliza maumivu yalianza lini.

"Alfajiri," Fundi alisema.

"Alfajiri? Mama, kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia." Akamwelekezea Pasi kidole, kimoja cha vile viwili vilivyovimba. "Nilimwambia kwa pini."

Daktari alimtazama Pasi. Pasi alitaka kueleza habari za Shemeji, za pini nyeupe kuisha, za gauni, lakini kila neno lilipofika mdomoni lilionekana dogo mno.

"Nilizitoa," alisema hatimaye. "Nilidhani ni za gauni."

Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba karibu wote. Waliufungua siku hiyohiyo. Daktari alisema walifika mapema vya kutosha, na kwamba kama wangengoja mpaka jioni asingekuwa na la kusema. Alisema wagonjwa wengi wa viungo hukosea hivyohivyo: wamezoea kuumwa, kwa hiyo bega likiuma wanasema ni bega, taya likiuma wanasema ni kiungo kingine kimejiunga na msafara. Hawajui lipi jipya.

Kesho yake daktari wa viungo, yule mwenye sauti ndogo, alipita wodini. Pasi akamtolea karatasi, imekunjika mara nne, bado safi.

"Nihukumu," alisema.

Dada yule alivuta kiti akaketi. "Baba, sikuja kuhukumu. Nimekuja kubadilisha dawa. Tukiupoza moto wa viungo, na moyo nao unapumzika. Sasa hivi mama ana magonjwa mawili yenye mzizi mmoja, tutayatibu pamoja. Vile vidonge vya maumivu vya dukani aviache kabisa. Presha tutaipima kila mwezi, na nitawapigia simu mwenyewe." Akageukia kitanda. "Na wewe mama, mimi sisomi pini. Uniambie kwa mdomo."

"Mdomo nimeuacha nyumbani," Fundi alisema, sauti bado nyembamba. "Lakini nitautafuta."

Alikaa siku tisa. Wakati huo Mwalimu aliaga wanafunzi wake katika gauni la zamani, akasema lile jipya atalivaa siku Fundi atakapolimalizia, hata ikiwa ni kwa kwenda sokoni.

Fundi aliporudi, alisimama mlangoni mwa chumba cha mbele akiwa ameegemea mkono wa mumewe. Shemeji alikuwa amepata kichwa. Kilikuwa cha kitambaa cha kahawia, kimejazwa vipande, kimelalia upande mmoja, na Pasi alikuwa amekishonea macho, taya kubwa kidogo na mdomo wa uzi mwekundu.

"Ni nani huyu?"

"Shemeji. Nimeona ni dhuluma, mtu kukaa miaka yote bila pa kuchoma taya."

Fundi alimzunguka sanamu polepole. "Umemfanya afanane na dada yako."

"Dada yangu ni mzuri."

"Nimesema si mzuri?"

Asubuhi ya pili Pasi aliamka kabla yake. Alichemsha maji, akaweka beseni, akakaa kwenye kigoda. Kopo la pini nyekundu lilikuwa mezani, limefunikwa. Fundi alipoingia akalitazama kopo, akamtazama Shemeji na mdomo wake mpya, kisha akamtazama mumewe ambaye alikuwa amekaa wima kama mtoto anayesubiri kuitwa darasani.

"Usiniulize," alisema.

"Lazima niulize."

Aliingiza mikono kwenye maji. Akavikunja vidole kimoja baada ya kingine.

"Kidole cha shahada," alisema. "Na cha kati. Goti la kulia, kidogo. Taya hakuna. Mkono wa kushoto hakuna." Alivuta pumzi ndefu, kana kwamba anaipima kwanza. "Kifua hakuna."

Pasi aliitika kwa kichwa kila neno.

"Na wewe?" Fundi aliuliza.

Kwa miaka minane Pasi alikuwa amesimama mbele ya sanamu lile kila asubuhi, na hakuwahi kufikiri kwamba swali linaweza kugeuka likamtazama yeye.

"Mgongo," alisema. "Huku chini. Tangu mwaka jana."

"Tangu mwaka jana, na unanyamaza." Fundi alitoa mkono mmoja majini, ukidondoka matone, akaonyesha kiti karibu na beseni. "Sogea hapa. Anza mwanzo."