Majani Mbele ya Antena

Mke wangu Irja alifariki Januari, wiki tatu baada ya kumaliza antena yake ya mwisho. Alifanya kazi kwenye maabara ya redio hapa mjini Oulu, akiunganisha waya nyembamba kuliko unywele chini ya hadubini. Antena hiyo ilikuwa ya majaribio ya simu za kizazi kijacho. Wenzake waliifunga ukutani kwetu, ikitazamana na paa la maabara. Majira yote ya baridi ilipokea vizuri, na kila Jumatano mtafiti wao Pirkka alikuja kusoma vipimo na kunywa kahawa.

Mwishoni mwa Mei ikanyamaza.

Mkuu wao, Annukka, alikuja mwenyewe pamoja na Pirkka. Akautazama koivu, mti wa gome jeupe uliosimama kati ya nyumba yetu na maabara, umejaa majani mabichi.

“Pirkka, ulipopima njia ya mawimbi, huu mti ulikuwa wapi?”

“Ulikuwa hapo hapo. Ila ulikuwa uchi.”

“Miaka minane chuoni, hujui mti huota majani?”

“Na wewe ramani uliisaini, mkuu.”

Mawimbi yale ni mafupi mno, hata jani bichi huyazuia. Annukka akanigeukia, sauti imeshuka. “Veikko, ama tukate matawi, ama tuihamishe antena.”

Mti ule Irja aliupanda mwaka tuliohamia. “Hamkati,” nilisema. “Na antena yake isiondoke.”

“Unataka vyote viwili?”

“Nyie si ndio wasomi?”

Pirkka alicheka peke yake. Annukka alikaa kwenye ngazi ya mlango mpaka kahawa yake ikapoa.

“Kweli,” alisema mwishowe. “Nani atakata mti wake kwa ajili ya simu? Mawimbi ndiyo yazunguke.”

Alhamisi walileta bamba jembamba linaloakisi mawimbi kama kioo kinavyoakisi mwanga. Mahali pekee palipoonekana kutoka kwenye antena na kutoka maabara pia ni paa la sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke uani. Nilipanda mimi, kwa sababu Pirkka huogopa kupanda juu.

“Kushoto! Kushoto kwako, Veikko, si kwangu!”

“Si useme upande wa mto, bwana we!”

Nikaliinamisha kidogo. Pirkka akapiga ukelele kule chini: vipimo vimerudi. Upepo uliyachezesha majani, lakini vipimo havikushuka.

Nililikaza kwa skrubu sita, polepole, nikiwapa mgongo wasinione uso. Niliposhuka nikamwuliza Annukka kama bamba litakaa hadi majani yapukutike.

“Litakaa zaidi. Lazima tuone theluji italifanyaje. Pirkka ataendelea kuja Jumatano.”

“Basi ajifunze kupanda ngazi,” nilisema. “Theluji ya huko juu siifagii mimi.”