Mkono Alioujua Baba

Niliota usiku wa jana kwamba nipo kazini, jambo lililoniudhi tangu mwanzo, maana kutwa nzima nashinda huko huko. Maabara ilikuwa ile ile. Ila kwenye friji, mahali pa kichupa cha lektini ya karanga, ile protini tunayopimia seli, alikaa mama mmoja mfupi, mtoto mgongoni.

"Funga mlango, mwanangu anapata joto," akasema.

Nikamuuliza yeye ni nani.

"Lektini. Na huyu mgongoni ni kimeng'enya. Mimi nashika, yeye anatia rangi pale nilipopashika. Kila siku unatumwaga kwenye visima vya sahani yako, vile vishimo vya kupimia, hata kutuamkia huwezi."

Nikampa shikamoo, akaitikia. Kisha nikamuuliza anamshikaje mtu asiyemjua jina.

"Jina la nini? Kila seli ina sukari zake juu ya ngozi. Nikigusa ninayoijua, nashika. Nyingine naipita."

Maneno yale yalinichoma. Naishi na baba yangu, Mzee Shemweta, na tangu mwaka jana amenisahau. Ananiita nesi. Nikimwambia mimi ni Namkunda, mwanao, ananikaribisha kwa adabu kama mgeni. Inaniuma, sitaki kudanganya.

Sasa maabara si maabara tena. Nimo ndani ya kisima cha sahani yetu ya vipimo, kuta za plastiki pande zote, na baba amekaa karibu yangu na koti lake la kanisani.

"Maji ya kuoshea yanakuja," Lektini anatangaza kutoka ukingoni. "Asiyeshikwa anakwenda nayo."

Ndiyo kanuni. Nawafundisha hivyo wanafunzi kila wiki, bila huruma.

Maji yanamfika baba kiunoni, anaanza kuelea.

"Baba, nishike."

"Wewe nani?"

"Namkunda."

"Simjui, nesi. Samahani sana."

Namwomba Lektini amshike yeye. Anatikisa kichwa.

"Huyo si wangu, shoga. Acha kumtajia majina. Mpe mkono."

Nampa. Baba anaupapasa taratibu, kidole kimoja kimoja, kama anayechagua nyanya sokoni, na maji yanazidi kumvuta.

"Aa," anasema. "Huu naujua."

Akaukamata. Maji yakapita juu yetu, yakaisha, na sisi tukabaki pale pale. Nililia humo humo kisimani, wala sioni haya. Yule mtoto akashuka mgongoni kwa mama yake, akatambaa mpaka kwenye mikono yetu, akaanza kazi yake.

Nilipoamka kulishakucha. Nikasikia bomba la jikoni linamwaga maji. Nikamkuta baba kwenye sinki, anasugua kiganja kwa sabuni.

"Nesi, nisaidie," akasema. "Rangi hii haitoki."

Akanifungulia kiganja. Kilikuwa na alama za buluu, vidole vinne na gumba, vyembamba kama vyangu.

Nikafunga bomba.

"Usiioshe, baba."