Kibali cha Nyota

Mtaa wetu unaitwa Kajificheni, na mwaka ule wa 1971 jina hilo peke yake lilitosha kututia shakani. Mpwa wangu Msabah, mwalimu wa hesabu, alichukuliwa asubuhi pamoja na daftari lake, akafungiwa chumba cha nyuma cha kamati ya mtaa. Nikamfuata na chupa ya chai.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, Borafya."

Mwenyekiti huyo nilimkanda mwenyewe mafuta ya nazi alipozaliwa. Baka lake nalijua liliko, naye anajua kwamba nalijua.

Akafungua daftari, akasoma: "'Mkusanyiko mkubwa uko katikati. Je, zilizomo zimezaliwa palepale, au zimetoka pembeni zikavutwa ndani?' 'Zilizomo'! Koo zipi hizi, Bi Kazija?"

"Si koo, mwanangu. Nyota."

"Ukurasa huu hauna neno nyota."

Kweli haukuwa nalo. Msabah, ambaye kila usiku hunisimulia nyota zake, tangu mdogo mvivu wa kurudia maneno.

Mkusanyiko bila kibali, tena na swali la nani mzawa, nani mgeni! Watu walishapotea kwa madogo kuliko hayo. Maneno nikayaacha, mkono ukafanya kazi. Nikamimina chai kwenye gilasi bila kuichuja, nikaikoroga kwa nguvu, nikatoa kijiko. Majani yakazunguka, yakapunguza mwendo, yakajikusanya chungu moja katikati ya kitako.

"Nani kayaitisha?" nikamuuliza.

Borafya akainama. "Yamekuja yenyewe."

"Basi na nyota labda ndivyo. Vikundi vinazunguka, vinachoka, vinazama kati. Au hewa imeingia huko kati, ikajibana, nyota zikazaliwa humo humo. Msabah hajui lipi."

"Hajui?"

"Angejua angeuliza?"

Akakoroga mwenyewe, mara tatu, kama mtoto. Kisha akaamuru Msabah aletwe.

"Haya, mwalimu. Wazawa au wageni?"

Nikamkonyeza aseme lolote lile, moja tu. Lakini Msabah hawezi kuzisingizia nyota.

"Labda wote, Mwenyekiti. Wamechanganyika."

Borafya akalifunga daftari.

"Nenda. Ila neno mkusanyiko usiliandike tena bila kibali."

Daftari akabaki nalo.

Njiani nilimsimulia Msabah ya yale majani nikicheka kwa sauti, asijue nilivyoogopa. Nyumbani nikamtilia chai, na sukari ya foleni vijiko viwili. Akainywa bila kuikoroga, sukari yote ikabaki chini.

Mpaka leo haikorogi.