Meza ya Binti Mhunzi

Mtaa mzima ulimwita Brashi, na hata mumewe akiwa na haraka alimwita hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango. Kile kichwa cha kinyozi pale sokoni, kilichonyolewa vizuri kuliko kichwa chochote cha binadamu, ni yeye aliyekichora. Yule kuku anayetabasamu juu ya mlango wa bucha, kana kwamba hajui kinachoendelea ndani, naye ni wake. Alipanda ngazi, akachora, akashuka, akaihamishia ngazi kwa mteja mwingine. Hakuwahi kukosa usingizi kwa sababu ya kuku.

Mambo yalibadilika siku mkutubi wa chumba cha kusomea alipomfuata kibandani kwake. Alikuwa mama mpole, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Chumba kilikuwa kimekarabatiwa na kilikaribia kufunguliwa upya, na ukuta unaotazamana na mlango ulikuwa mtupu.

"Nataka picha ya vitu vilivyotulia mezani," mkutubi alisema. "Vitu vya kitabu unachokipenda kuliko vyote. Ila usiweke maandishi."

"Hata jina la duka?"

"Hakuna duka, mwanangu. Hatuuzi kitu."

Brashi alicheka, akakubali palepale. Kitabu alikuwa nacho moyoni tangu utotoni: *Nchi Iliyofungiwa Upepo*. Kilisimulia nchi ambayo mfalme wake aliukamata upepo akaufungia mnarani, hata moshi ukawa unasimama wima juu ya mapaa, na nguo zikiloweshwa hazikauki. Mhunzi mmoja alikwenda kuuvunja mlango wa mnara, hakurudi. Binti yake akamfuata. Akavuka bonde la watu wa majivu, akadanganyana na ndege mwenye sauti ya mtu, akaufungua mnara, upepo ukatoka kwa kishindo. Na mwisho, sehemu ambayo Brashi aliipenda hadi leo, binti alirudi nyumbani akakuta meza imeandaliwa: bakuli la bati la buluu lenye ukingo uliobanduka rangi, ndimu iliyokatwa nusu, taa yenye kioo kilichopasuka, mkasi wa kushonea, na kitambaa cheupe kilichoungua pembeni. Hapo akajua kwamba baba yake amefika kabla yake.

"Umekisoma?" mkutubi aliuliza.

"Nakijua kama kiganja changu."

Basi akaanza kupanga meza hiyo. Aliisogeza meza ya chakula hadi dirishani, akatandika shuka, akaweka taa. Akaitazama. Akaitoa taa, akaanza na ndimu. Ndimu ikaonekana kama imesahauliwa na mtu. Akaongeza ndimu nyingine, meza ikawa genge la sokoni. Akaziondoa zote akaenda kusimama mlangoni na mikono kiunoni, kisha akarudi mbio kana kwamba vitu vingempangia njama akigeuka. Akipanga kwa mstari, aliona rafu ya dukani. Akitawanya, aliona nyumba iliyoingiwa na wezi.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache. Alirudi mchana akakuta vikombe vyote vimepangwa sakafuni na yeye hana pa kulia.

"Naona tumehamia makumbusho," alisema, akala amesimama.

"Nipe muda kidogo tu."

"Mimi sina neno. Ila kitanda usikiguse."

Siku zikapita, mkono wa Brashi haujagusa turubai ya kuchorea. Alikuwa kiguu na njia, leo kwa wauza vyombo, kesho kwa mafundi bati, akiinua mabakuli na kuyarudisha. Hili buluu yake imezidi, lile limefifia, lile lingine ni jipya mno, halijawahi kumlisha mtu. Akilala, aliyapanga kichwani. Akiwa juu ya ngazi kwa mteja, mawazo yako dirishani kwake, na bango la saluni moja likatoka na mwanamke mwenye sikio moja.

Akampigia simu mdogo wake wa kiume. Huyu alitengeneza simu na alijua kila kitu, ndiyo maana nyumbani walimwita Profesa.

"Lile bakuli la kwenye kitabu," Brashi alisema, "lilikuwa buluu ya aina gani?"

"Buluu ya bakuli."

"Sina utani, Profesa."

"Hata mimi. Unakumbuka mama alivyokuwa anasoma? Alisema limebanduka upande wa mkono wa kushoto. Na mkasi ulikuwa wazi. Mkasi usiufunge, nitakuja kuufungua mwenyewe."

Ilimtuliza kidogo kwamba mwenzake anakumbuka. Lakini buluu ilibaki kumsumbua, mpaka akaona dawa yake ni kwenda kwenye kitabu chenyewe. Nakala ya utotoni ilikuwa ya kuazima, ikarudishwa kwa wenyewe zamani. Mkutubi alikuwa nayo moja, kuukuu, jalada limeshikwa kwa gundi. Brashi aliichukua, akaenda nayo kazini.

Alikisoma akiwa amekalia kopo la rangi, mgongo ameuegemeza kwenye ngazi. Hakuwa na haja ya kuanza mwanzo, alifungua karibu na mwisho. Mnara upo. Kishindo kipo. Binti anateremka mlima, nywele zinampiga usoni kwa upepo. Anafika nyumbani. Mlango uko wazi. Ndani hamna mtu wala meza. Upepo unaingia nyuma yake ukiwa umebeba majivu kutoka bondeni, unayatandaza sakafuni, na binti anaelewa kwamba hayo ndiyo yaliyobaki ya baba yake. Kitabu kinaishia hapo.

Aligeuza ukurasa akitafuta mwingine. Kulikuwa na jalada tu. Akarudi nyuma, akasoma sura nzima, kisha iliyotangulia, kidole kikifuata mistari. Hapakuwa na bakuli, wala ndimu, wala mkasi. Kitabu alichokiita chake maisha yote, kumbe hajawahi kukisoma kwa macho yake.

Aliviacha vifaa vyake vilipokuwa, akaenda kwa mama yake.

Mama alikuwa jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amezeeka mwili lakini vidole vilikuwa bado vyepesi. Hakuinua kichwa hadi kitabu kilipowekwa mbele yake.

"Ee, hiki," alisema. "Bado kipo?"

"Mama, hakuna meza."

"Meza gani?"

"Mwisho. Ulitusomea meza. Bakuli, taa, mkasi. Nimesoma leo. Baba yake amekufa, amekuwa majivu."

Mama aliokota jiwe dogo kwenye maharage akalitupa. "Yule mwandishi," alisema, "nadhani hakuwa na watoto."

"Kwa hiyo ulitunga?"

"Nilifika pale nikaona kinachokuja. Jicho huwa linatangulia mdomo ukisoma kwa sauti. Na nyinyi mmekaa hapo chini mmenikodolea macho, mdogo wako amenishika kanga. Unafikiri ningewasomea majivu siku ile?"

"Siku ile ipi?"

Mama aliuweka ungo chini. Alimtazama binti yake kama anayejiuliza mtu mzima huyu amekuwa wapi siku zote.

"Jioni ya daraja," alisema.

Baba yao alikuwa fundi wa madaraja, na mto uliofurika ulimchukua yeye na wenzake wakiwa kazini. Hilo Brashi alilijua. Alijua pia kwamba waliambiwa asubuhi, wakiwa wamekaa kitandani, shangazi akiwa amewashika mikono. Kitu ambacho hakuwahi kukiwaza ni kwamba mama alijua tangu jioni, na kwamba katikati ya kujua na kusema aliwasomea hadithi.

"Walishakuja kukuambia?"

"Watu wa kazini kwake walikuja nikiwa napika. Nikawaambia waende, warudi asubuhi na wifi yangu. Mlikuwa mnasubiri kusomewa sura ya mwisho, mmeshanawa miguu. Nikasoma. Nilipofika pale nikainua macho, nikasema kilichokuwa mbele yangu. Bakuli lilikuwa mbele yangu. Taa ilikuwa mbele yangu. Nilikuwa nashona, ndiyo maana ya mkasi."

Brashi alihisi hasira ikimpanda bila kujua anaielekeza wapi. "Ulitudanganya, mama. Miaka yote hii."

"Sikuwadanganya. Niliwalaza." Akauchukua ungo wake. "Mlilala vizuri. Mimi niliwatazama mpaka kulipokucha."

Brashi aliondoka hajui amekwenda kupata nini. Akampigia Profesa, akamweleza yote barabarani.

"Sasa utachora nini?" Profesa aliuliza.

"Sijui. Mkutubi anataka kitabu. Kitabu kina majivu."

"Ukichora majivu nakuja na chokaa, nasema ukweli."

"Nikichora meza watu watasema sikukisoma."

"Si kweli hukukisoma?"

Brashi akakata simu. Kurudi nyumbani akaondoa vitu vyote dirishani. Akachukua majivu jikoni, akayamwaga mezani, akayasawazisha kwa kiganja. Yakawa majivu mezani, basi. Aliyafuta. Akarudisha taa yenye ufa, mkasi, kitambaa alichokiunguza pembeni mwenyewe, na bakuli la buluu aliloishia kulinunua. Akalipeleka kona, akalirudisha kati. Mumewe alimkuta amekaa sakafuni ameshika tama, vidole vyeupe kwa majivu, akamletea chai kwenye kifuniko cha chupa ya chai kwa sababu vikombe bado havijulikani vilipo. Akakaa karibu naye.

Mama ndiye aliyekuja kuiona meza, bila kuitwa. Profesa alikuwa ameshampasha habari. Alisimama mbele ya dirisha na mkoba wake begani, kama mtu aliyekuja kukagua nyumba ya kupanga.

"Sivyo ilivyokuwa," alisema.

"Ilikuwaje?"

Mama aliusogeza mkasi. Akaizungusha taa hadi ufa ukatazama ukuta, maana, alisema, nani atauelekeza ufa kwa wageni. Akaliona bakuli, akatafuta kitu kwa macho, kisha akaenda kuchukua sahani jikoni. Akalifunika bakuli nayo.

"Hukutuambia kuna sahani," Brashi alisema.

"Kwenye hadithi ningewaambiaje? Kwenye hadithi alikuwa amefika, ameshakula. Lakini hapa nilikuwa nimemwekea baba yenu chakula kabla wale watu hawajaja. Sikukifunua tena." Akatoa mkono taratibu juu ya sahani. "Shangazi yenu ndiye aliyekuja kukimwaga."

Hakulia. Alivuta kiti akakaa pembeni, akaomba maji. Brashi alimpa maji, kisha akafungua dirisha kwa sababu chumba kilikuwa kimejaa joto. Upepo ukaingia. Pembe ya kitambaa iliyoungua ikanyanyuka, ikasimama kidogo hewani, ikajikunja juu ya mkasi. Vitu vingine vyote havikutikisika.

Alibaki ameshika kitasa cha dirisha. Kwa mara ya kwanza tangu aanze, mikono yake ilijua cha kufanya.

"Mama, usiondoke hapo."

"Sina pa kwenda."

Alichora hadi mwanga ulipomkatalia, akaendelea kesho yake, na siku zilizofuata. Haikuwa rahisi. Turubai ya kwanza aliiharibu, kitambaa kilitoka kigumu kama ubao. Ilibidi mumewe ashike kipande cha kadibodi akipepee kitambaa huku amegeuza uso, akilalamika kwamba amesomea kupoza vyakula, hakusomea kupuliza vitambaa. Buluu aliipata kwa bahati, pale alipoacha kuitafuta na kuichanganya kwa haraka ili awahi mwanga.

Siku ya ufunguzi chumba kilijaa. Kijana mmoja wa kike aliyekipenda kitabu hicho alisimama muda mrefu mbele ya picha, akamgeukia mkutubi.

"Hii haimo kwenye kitabu," alisema.

Mkutubi alimtazama Brashi kwa wasiwasi. Brashi alikuwa ameandaa maelezo marefu na yote yalimtoka.

"Haimo," alisema. "Ni vile tulivyosomewa nyumbani."

"Lakini upepo umeingia," yule msichana alisema, akionyesha kitambaa. Akatazama tena. "Na hicho chakula ni cha mhunzi?"

"Ni chake."

Msichana akaitikia kwa kichwa taratibu, na hakubanduka pale mpaka chai ilipoanza kugawiwa. Profesa alikuwa amesimama nyuma na mikono mifukoni, macho yamemwiva, akimweleza kila aliyepita kwamba mkasi ni wazo lake. Brashi alimpa kile kitabu kuukuu akisome mwenyewe. Alikishika, akakipima uzito, akamrudishia.

"Nitakisoma," alisema. "Lakini si leo."

Mama aliipitishia picha jicho mara moja, akasema taa imekaa vizuri, akaomba apelekwe nyumbani kwa sababu miguu inamuuma. Walitembea polepole, amemshika Brashi mkono. Brashi alidhani akishamaliza atapumzika, atarudi kwa kuku na vinyozi wake. Badala yake alikuwa bado na swali.

"Lile daraja," aliuliza, "bado lipo?"

"Walijenga lingine. Kubwa."

"Umewahi kwenda kuliona?"

"Niende nikaone nini?" Mama alihamishia mkoba bega jingine. "Nasikia sasa limepakwa rangi."

"Rangi gani?"

"Nitajuaje mimi? Nenda ukaangalie, kwani miguu yako ina nini."

"Twende wote."

Walipofika kwake, mama alitafuta ufunguo kwenye mkoba, akaufungua mlango, akageuka akiwa bado ameshika kitasa.

"Tukienda," alisema, "tutoke mapema. Jua la mchana silitaki."