Kalenda Nyuma ya Mama

Mtaani walimwita Profesa, naye badala ya kuona haya aliitika. Shule yenyewe aliiona kwa mbali tu. Alikuwa mpiga picha mwenye studio mbele na chumba cha giza nyuma, alimosafishia filamu zake na kuwakimbia watu wote waliotaka awafanyie kazi. Sasa binti yake, ambaye siku hizi ndiye aliyeleta wateja kwa kamera yake ya dijitali, alikitaka chumba hicho aweke kompyuta na printa.

"Dijitali inapaka rangi tu," Profesa alimwambia. "Filamu inashika mpaka vinyweleo. Wewe kuza upendavyo!"

"Basi tushindane, baba. Mama atuamue. Ukinishinda, hicho chumba sikihitaji tena."

Alikubali upesi, kama kawaida yake panapotakiwa kufikiri.

Wakamkalisha Mama karibu na dirisha, kila mmoja ampige picha moja, ikuzwe iwe na ukubwa wa meza. Binti alibonyeza kitufe, kwisha. Profesa alizungusha pete ya lenzi huku na huku, akafumba jicho moja, akabana pumzi kama mzamiaji. Miwani ilikuwa mfukoni. Miwani, kwa maelezo yake, ni ya kusomea magazeti. Fundi huona kwa uzoefu.

Picha yake ilipokauka, aliitandaza mezani, akashika kioo cha kukuzia, akaanzia pembeni.

"Njooni! Kalenda ya ukutani, kule nyuma kabisa! Tarehe zinasomeka! Hata msumari wake una kutu! Yako inaweza hayo?"

"Haiwezi," binti alisema taratibu. "Na Mama je?"

Profesa akasogeza kioo. Mama hakuwa na kope. Uso mzima ulikuwa ukungu mtupu. Alikifuta kioo kwa shati, akajaribu jicho la pili, ukungu ukabaki palepale. Na miezi yote ile picha zake zilipotoka na ukungu, alikuwa amelaumu dawa, karatasi na wateja wasiotulia. Yuko bibi harusi mmoja ambaye Profesa alimgombeza mpaka bibi harusi akalia. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Mama, kumbe, ameshaipenda. "Hii ndiyo imeshinda. Nimekuwa msichana!"

Profesa angenyamaza tu, chumba kingekuwa chake. Hata hotuba ya ushindi alikuwa ameshaanza kuitunga. Lakini alitaka pia kutoa kasoro, ndiyo tabia yake, basi akavaa miwani na kuivuta picha ya binti. Akaona mikunjo pembeni mwa macho. Akaona mvi kwenye nyusi. Akaona kovu chini ya mdomo.

"Hili kovu umelipata lini?"

"Mwaka juzi, nilipoanguka bafuni. Nilikuja kukugongea. Ukasema nisifungue mlango, mwanga utaharibu filamu."

Alisema bila kinyongo, na hapo ndipo palipouma zaidi. Profesa alitafuta neno la kujitetea, akakuta yote yanahusu filamu.

"Filamu ni nzima," alimwambia binti yake mwishowe. "Mbovu ni mimi. Lete kompyuta zako."

Kisha akamgeukia mkewe. "Hebu sogea hapa penye mwanga."

"Unanipiga tena?"

"Hapana. Nataka nikuone."