Sanduku la Spika Mbovu

Mtaani wananiita Masikio. Jina hilo sikujipa mwenyewe. Zamani gari lilikuwa likipita barabarani nami nimeinamia meza yangu, halafu bila kuinua kichwa nasema, "Huyo spika yake ya nyuma imepasuka," na kweli keshokutwa mwenye gari anafika. Kazi yangu ni redio za magari. Nina meza moja, kabati moja, bati mbele linalotosha kufunika gari moja, na chini ya meza sanduku la mbao lenye spika mbovu nilizowatolea wateja.

Sasa niseme jambo ambalo hata mama watoto sikumwambia. Masikio yenyewe yalikuwa yamenigomea. Kwanza zilikwenda sauti ndogo ndogo: simu mfukoni, maji yanapoanza kuchemka, mvua ya rasharasha juu ya bati. Nikawa nalaumu watu. Watu wa siku hizi hawaongei, nilikuwa nasema, wanatafuna maneno. Mama watoto aliposema twende hospitali nilimjia juu, tukakaa siku mbili tunasalimiana kama wapangaji. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nani atampelekea redio fundi asiyesikia? Kazi nyingine siijui. Ikijulikana tu, nimekwisha.

Asubuhi hiyo akaja dereva wa teksi, mtu wa maneno mengi, na kwenye kiti cha nyuma kampakia dada yake mkubwa.

"Fundi Masikio, redio imekata sauti. Taa inawaka, namba zinatembea, lakini kimya. Nimeifungulia mpaka mwisho, hata mnong'ono hakuna."

"Tangu lini?"

"Mimi nitajuaje? Dada ndiye aliyegundua."

Nikamgeukia dada mtu, mwanamke wa makamo mwenye tepu ya kupimia shingoni, nikamsalimia. Alitazama midomo yangu, akatabasamu, akagusa sikio lake na kutikisa kichwa.

"Hasikii tangu utotoni," dereva akasema. "Ni fundi cherehani, kila asubuhi namshusha dukani kwake. Juzi tuko njiani akanipiga bega, ananionyesha redio: imekufa hiyo. Mimi nilikuwa nabishana na mtu kwenye simu, wala sina habari."

Nikacheka kwa adabu. Moyoni nilijisemea kwamba leo nimeletewa vituko.

Nikaichomoa redio kwenye dashibodi. Fyuzi nzima, umeme unafika. Nikachomoa plagi ya spika, nikatoa betri yangu ndogo, ile ya saa ya ukutani. Hapo ndipo ilipo siri ya kazi yangu. Waya mbili za spika ukizigusisha kwenye betri ile kidogo tu na kuziachia, spika nzima inajibu *tak*. Iliyokufa haijibu. Mzee aliyenifunza kazi alinionyesha hivyo, na tangu siku ile sikuona haja ya mashine. Betri na masikio vilitosha.

Mlango wa dereva ukajibu, kwa mbali. Mlango wa abiria, kimya. Nyuma kulia, kimya. Nyuma kushoto, kimya.

"Spika tatu zimeungua," nikasema. "Inabidi zitolewe."

"Tatu kwa mpigo? Basi hii redio imefiwa."

Akamweleza dada yake kwa mikono. Mama yule alikuwa bado amekaa kiti cha nyuma, kiganja kimoja kimelala kwenye mlango wa kulia. Akakunja uso. Akaugonga mlango ule kwa kidole kimoja, mara moja, kisha akaninyooshea kidole mimi na betri yangu.

"Anasema huu mzima," dereva akasema. "Anasema ulipogusisha, ulimpiga mkononi."

Damu ikanipanda. Miaka ishirini na mitatu niko kwenye kazi hii, leo mtu asiyesikia aje kunifundisha kusikiliza.

"Mwambie huo ni mtetemo wa gari."

"Gari limezimwa, fundi."

Ufunguo ulikuwa umelala pale mezani kwangu, mimi mwenyewe ndiye niliyeuchomoa.

Dada mtu akashuka, akazunguka upande wa abiria. Akanishika kifundo cha mkono bila kusita, vile anavyomshika mteja anayempima mkono wa shati, akakilaza kiganja changu chini ya mlango, penye matundu ya spika. Kisha akamwashiria mdogo wake achukue betri.

"Gusisha," nikamwambia dereva, kwa sauti ya mtu anayekubali ili mambo yaishe.

Nikaipata. Ilikuwa kitu kidogo sana, kama kifaranga anapodonoa ganda la yai kutoka ndani. Masikio yangu hayakuambulia chochote, lakini ngozi ya kiganja iliambiwa waziwazi.

"Tena."

Ikadonoa tena. Nywele za mkono zikanisimama mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia agusishe mara ya tatu, na ya nne, mpaka dereva akauliza kama betri ikiisha ni juu yake.

Tukaenda nyuma kulia. Hai. Tukaenda nyuma kushoto, na hapo mama yule akaweka viganja vyote viwili, kisha akaegemeza na shavu. Akatikisa kichwa. Nami nikaweka changu, sikupata kitu. Mlango huo ndio uliokuwa kimya kweli.

Nilidhani atarudi kukaa. Kumbe hajamaliza. Aliufungua mlango ule, akaufuata kwa vidole mpaka kwenye bomba la mpira ambamo waya zinapita kutoka kwenye bodi ya gari kuingia mlangoni, akaanza kulibinya polepole kama anayetafuta pini iliyosahauliwa ndani ya pindo. Akasimama mahali. Akachukua kidole changu, akakibonyeza pale. Kulikuwa na kinundu.

Nikaupasua mpira. Waya ulikuwa umekatika kwa miaka ya mlango kufungwa na kufunguliwa, na ncha yake ya shaba imegusa bodi. Basi yote yakaeleweka. Redio kama ile, waya mmoja wa spika ukigusa bodi, huzinyamazisha spika zote ili isiungue. Spika nne zilikuwa nzima. Mimi nilikuwa nimezihukumu tatu.

Nikaunga waya, nikauvisha utepe, nikarudisha plagi. Redio ikaimba. Dereva akakaa kwenye kiti chake akabadilisha stesheni mpaka akapata wimbo aupendao, akaanza kuimba juu yake, vibaya. Dada yake akaweka mikono mlangoni akafumba macho. Nikaona haya kidogo, halafu nami nikaweka mikono yangu upande wa pili, nikafumba macho.

Sijui nilieleze vipi jambo hili. Ngoma ilinigonga chini ya kifundo cha mkono. Gitaa lilipita kwenye ncha za vidole. Mwimbaji alipopandisha sauti, kitu chembamba kilitambaa katikati ya kiganja, na alipovuta pumzi kikaacha. Maisha yangu yote nimelishwa na sauti, na kumbe sikuwahi kuigusa. Nilishangaa kama mtoto, na machozi yalinilenga, niseme ukweli.

Nilipofumbua macho, mama yule hakuwapo mlangoni. Alikuwa amechuchumaa mbele ya meza yangu, anatazama sanduku la mbao. Akaniinulia nyusi.

"Mbovu," nikasema, nikitikisa mkono.

Akachukua spika moja, akaipakata gotini, akaninyooshea kiganja kuomba betri. Nikampa. Akaigusisha. Kisha akainua kidole gumba.

Akachukua ya pili. Kidole gumba. Ya tatu akanipa mimi. Niliiweka kwenye kiganja, nikaigusisha, nayo ikadonoa. Ilikuwa ya mwalimu mmoja, nilimtolea mwezi uliopita na kumwambia imeungua. Ya nne ilikuwa ya muuza maua. Tulizipima zote kumi na moja, tumechuchumaa pale kama watu wanaochambua mchele. Mbovu zilikuwa mbili. Tisa zilikuwa hai, zimekaa gizani chini ya meza yangu kwa sababu ziliniita nami sikuitika.

Mama yule akatoa daftari lake la vipimo. Kwenye ukurasa wenye kifua na kiuno cha mtu, akaandika kwa penseli: *Tangu lini husikii?*

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Mama watoto alikuwa akiniuliza kama nina kiburi. Nilitazama garini. Dereva alikuwa bado anaimba, ametupa kisogo. Nikainua vidole viwili, nikachukua penseli, nikaandika: *Miaka.*

Akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma isiyo na maneno mengi. Akaandika chini yake: *Mikono yako ni mizuri. Ifundishe.* Akafunga daftari, akaingia garini, wala hakumwambia mdogo wake kitu.

Mchana ule nilimpigia simu mwalimu, nikamwambia alete gari. Akauliza kuna nini tena, nikamwambia spika yake haikuwa mbovu, kosa ni langu, nitairudisha. Nikampigia muuza maua. Niliwapigia wote, na wawili walinitukana. Matusi yao niliyasikia vizuri.

Jioni nikarudi nyumbani. Mama watoto alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anaosha vyombo. Akasema kitu. Nikaona bega lake likitikisika kidogo, kama la mtu anayeuliza, lakini neno lenyewe halikunifikia.

Siku zote hapo ndipo ninaposema aongee vizuri, aache kutafuna maneno.

"Sikusikia," nikamwambia. "Sisikii, mama watoto. Rudia."

Akafunga bomba. Akageuka, mikono inachuruzika maji. Kisha akaja karibu mpaka nikaiona midomo yake vizuri.

"Nilikuwa nauliza," akasema polepole, "kama umekula."