Mama Mkwe Halali Kwenye Magurudumu

Saa kumi jioni, katika ndoto niliyoiota usiku wa kuamkia leo, mama mkwe wangu alikuwa amesimama nje ya mlango wa gari-nyumba, kikapu mkononi, na alikuwa amekataa kuingia.

Gari-nyumba ni gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Tuliliazima kwa ajili ya goti la Mama, linalomuuma. Tulikuwa kwenye kambi ya msituni, Mlima Elgon, na safari ilikuwa na kusudi moja: Mama alitaka kuwaona ndovu wakiingia pangoni kulamba chumvi. Ndovu huja giza likiingia, kwa hiyo ilimbidi alale huko huko. Kama asingepata pa kulala kabla jua halijatua, tungemrudisha Bungoma, na alishasema hatapanda mlima huo mara ya pili.

"Mwambie mkwe," alimwambia mke wangu, Nekoye, "kwamba sijawahi kulala chini ya paa la mume wa binti yangu, na sianzi leo."

Nilikuwa karibu nao, nikisikia kila neno na kuutazama mti, kwa sababu kwetu mtu hamkodolei macho mama mkwe.

"Mama, hili ni gari tu," Nekoye alisema.

"Gari lina pazia? Gari lina sufuria? Nekoye, mimi nilikusomesha."

"Mimi ni nyumba," gari-nyumba likasema. Lilikuwa limeudhika. "Nina sinki."

Nililieleza kwamba lina nambari ya usajili, na kwamba nyumba haina gia ya kurudi nyuma.

"Ndiyo maana nyumba nyingi zimekwama," lilijibu.

Hapo shanta langu la mgongoni likajifungua zipu, na hema likatoa kichwa. Ni hema dogo la watu wawili, la kijani, lenye kiraka ubavuni.

"Mleteni Mama kwangu," hema lilisema. "Mimi si nyumba. Mimi ni nguo iliyosimama."

"Wewe unabebwa mgongoni kama mtoto mchanga," gari-nyumba likasema.

"Afadhali kubebwa kuliko kutembea na choo tumboni."

"Mvua ikinyesha utaniita shemeji."

"Na wewe dizeli ikiisha utaitwa kibanda."

Sikuona hoja yoyote iliyothibitishwa. Nikamwita askari wa kambi.

Askari wa kambi ni mbega. Amevaa kofia ya kazi, na mkia ameubana kwapani kama gazeti. Anasema suala la nyumba lina kipimo kimoja tu: pakipigwa hodi na mtu akajibu karibu, hapo ni nyumba, na aliyejibu ndiye mwenyewe.

"Hata pasipo na paa?" nauliza.

"Umewahi kumkaribisha mtu ukiwa juu ya mti?"

"Hapana."

"Mimi kila siku."

Anapanda ngazi ya gari-nyumba, anagonga mlango. "Hodi!"

"Karibu!" nasema.

Hilo lilikuwa kosa. Sikulifikiria. Mtu aliyelelewa vizuri halifikirii neno hilo, hutoka lenyewe kama chafya. Magurudumu yakazama ardhini yakawa msingi. Mabati yakajitandaza juu. Mbuzi watatu wakatoka chini ya injini wakitafuna mkanda wa feni. Kambi nzima ikawa boma langu, lenye ua na lango, na Mama, bila kusogea hata kidogo, akawa nje ya lango.

"Hongera," mbega anasema. "Una nyumba."

"Sikuomba nyumba."

"Hukuomba. Ulikaribisha."

Jua limefika kwenye vilele vya miti. "Basi hema," Nekoye anasema. "Msimamishie Mama hema, upesi, acha kubishana na nyani."

"Mbega," askari anasema.

Nachukua kigingi. Hema linakaza mwili. "Usiniguse. Mwanamume akichomeka mti ardhini amejenga. Ukinisimamisha wewe, nitakuwa nyumba yako ya pili, na Mama atalala nje ya malango mawili."

Mbega anakubali kwa kichwa. Anaongeza kwamba anayesafiri kwa hema hulibeba mwenyewe, asiyelibeba halali ndani yake.

"Goti lake halitaweza," Nekoye anasema.

"Niletee hilo shanta," Mama anasema. "Nimebeba kuni mlima huu huu kabla ninyi hamjajua kuvaa viatu."

Shanta lilipofika mgongoni mwake, lilikohoa. "Uzito umezidi," lilisema. "Kisichohitajika kitatoka." Likaanza kazi. Lilitupa mpini wa mswaki, likabakisha brashi. Lilitupa mishikio ya sufuria. Lilitupa jalada la kitabu cha nyimbo, likabakisha nyimbo. Kisha likachungulia chini.

"Hili goti linauma kwa faida ya nani?"

"Ya nani tena?" Mama alisema. "Linauma tu."

"Basi maumivu hayahitajiki." Likayatoa, likayaweka juu ya jiwe kando ya njia. Yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani, ya kijivu, yakihema. Mbega akayaonya yasisumbue wapita njia.

Mama aliondoka bila kuchechemea. Nekoye alimfuata, nami nikawa nyuma kabisa, kwa umbali unaotakiwa. Kila nilipokaribia mno, njia ilijirefusha yenyewe kati yetu.

Tulipofika, pango lilikuwa posta ya Bungoma. Ndovu walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja ameshika mkia wa aliye mbele yake, na dirishani palikuwa na kibao: CHUMVI IMEKWISHA. Wa nyuma walikuwa wameanza kuondoka.

"Wanaenda zao!" Nekoye anasema. "Mama, tumechelewa."

Mama anatua shanta, anatoa hema. Anachomeka vigingi kwa kisigino, kwenye sakafu ya saruji, navyo vinaingia. Anainama, anaingia hemani na kikapu chake, anafunga zipu. Harufu ya munyu inatoka, ile chumvi ya majivu tunayopikia mboga. Foleni nzima inageuza masikio.

Ndovu jike, mzee kuliko wote, anakuja mpaka mlangoni pa hema. Anakohoa kwa adabu.

"Hodi hapa."

"Mama, nakuomba," hema linanong'ona. "Mimi ni wa watu wawili."

"Mama, usijibu!" Nekoye anapiga kelele.

Lakini hakuna mtu Bungoma aliyewahi kupiga hodi kwa Mama akakosa jibu. Siku moja walikuja kumkatia umeme, akawapikia chai kwa jiko la makaa.

"Karibu," Mama anasema. "Karibuni nyote. Munyu upo."

Wanaingia mmoja mmoja. Kitambaa kinavutika lakini hakipasuki. "Pumueni kwa zamu," hema linasema. Sauti ya Mama inatoka ndani: "Wewe, miguu ukutani! Wewe mdogo, usilambe tochi!" Kisha: "Nekoye! Nawaona! Wana kope kama za bibi harusi!"

Mbega akavua kofia. "Aliyejibu ndiye mwenyewe," alisema. "Hii sasa ni nyumba ya mama mkwe."

"Mwambie mkwe asisogee," Mama alisema kutoka ndani. "Aketi huko huko. Chakula ataletewa."

Niliketi kwenye benchi la posta, nimegeukia ukuta. Mkonga ulitoka kwenye zipu, ukapita juu ya kichwa cha Nekoye, ukaniwekea sahani mapajani: kuku wa kienyeji, mzima, kwa ugali wa wimbi. Ukweni mtu habakishi. Nilikula nikamaliza. Mkonga ulikuwa bado unasubiri, umeshika kipande kimoja, kile anachowekewa mkwe.

"Na firigisi," ulisema.

Niliamka kumekucha. Tuko nyumbani kwetu, Nakuru. Hatujaenda Elgon, safari ni wiki ijayo, na Mama yuko kwake Bungoma. Jana jioni tulikula maharagwe. Haya yote niliyahakikisha kabla sijashuka kitandani.

Nekoye aliingia na simu sikioni.

"Ni Mama," alisema. "Anauliza kama mkwe alishiba."

Nilifungua kinywa nimjibu, nikapiga mbweu. Ilikuwa ya kuku.